Anga Inaishia Wapi?

Vitabu huigawa angahewa, yaani hewa inayoizunguka Dunia, katika matabaka matano, ingawa huko juu hakuna dari, ukuta wala pazia. Hapo ndipo dhana ya mpaka inapopata mtihani mgumu. Mpaka wa shamba huonekana kwa mkonge uliopandwa au jiwe lililochimbiwa. Wa hewa haushikiki. Kwa hiyo ni halali kuuliza kama matabaka hayo yamo ndani ya hewa yenyewe au ndani ya akili ya anayeyahesabu.

Kwa anayetazama gesi peke yake, mpaka hauonekani. Hewa kavu ni nitrojeni asilimia 78, oksijeni karibu asilimia 21 na arigoni inayokaribia asilimia 1. Hewa ukaa, inayozua mijadala yote ya tabianchi, ni kama asilimia 0.04 tu: imepanda kutoka sehemu 280 hivi katika milioni kabla ya enzi ya viwanda hadi zaidi ya 420 sasa. Mvuke wa maji hauna kiwango maalumu. Hukaribia sifuri penye baridi kali na huweza kufika asilimia 4 penye joto na unyevu. Uwiano wa gesi kuu haubadiliki kutoka ufukwe wa Tanga hadi kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Wapanda mlima husema kileleni oksijeni imekwisha, nao wana haki ya kulalamika, ila asilimia ni ileile 21. Kilichopungua ni hewa nzima, kwani mgandamizo wake hapo ni karibu nusu ya ule wa pwani. Ni chai ileile katika nusu kikombe.

Upungufu huo huja kidogo kidogo. Nusu ya uzito wa angahewa iko chini ya kilomita 5.5, na takriban asilimia 99 chini ya kilomita 30 hivi, lakini hakuna mita moja inayoweza kuonyeshwa kwa kidole kuwa hewa imekomea hapo. Ni fumbo la kale la lundo la mchanga: zikiondolewa punje moja moja, haijulikani ni punje ipi iliyolifanya lundo lisiwe lundo tena.

Joto lina habari tofauti. Katika tabaka la chini, troposfia, joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila kilomita, na wataalamu wa karne ya 19 walitarajia lishuke hivyo mpaka mwisho. Mfaransa Léon Teisserenc de Bort alirusha maputo mengi yenye vipimajoto kutoka Trappes, karibu na Paris, akaona kwamba kwenye kilomita 11 hivi joto liliacha kushuka. Alidhani jua limevidanganya vyombo vyake, akarusha maputo usiku. Matokeo yakawa yaleyale. Mwaka 1902 alitangaza kuwa juu ya hapo kuna tabaka jingine, ambalo baadaye alilipa jina la stratosfia. Mpaka huo haukupangwa kikaoni. Uligunduliwa, tena na mtu aliyeanza kwa kuutilia shaka.

Hata hivyo hautulii. Karibu na Ikweta uko kwenye kilomita 16 hadi 18, na kwenye ncha za Dunia hushuka hadi 8 au 9, ukipanda na kushuka pia kwa majira. Mvuvi wa pwani hawezi kushangazwa na hilo: maji hupwa na kujaa, wala hakuna anayedai kwamba pwani haipo kwa sababu ukingo wake umesogea. Mpaka kuwapo ni jambo moja, mpaka kutulia ni jingine.

Kilicho muhimu ni kwamba mpaka huo una sababu. Ozoni iliyo katika stratosfia hufyonza mionzi ya urujuanimno na kuipasha joto hewa ya juu, kwa hiyo wingu la radi linalopanda kwa nguvu hufika hapo likakosa njia, na kilele chake husambaa bapa kama fuawe ya mhunzi. Juu ya kilomita 50 huanza mesosfia, ambamo joto hushuka tena hadi nyuzi 90 hivi chini ya sifuri, na kutoka kilomita 85 hivi huanza themosfia, ambamo hupanda kupita nyuzi 1,000. Joto hilo la mwisho halimwunguzi mtu: molekuli huko zinakwenda kasi, lakini ni chache mno.

Mpaka mashuhuri kuliko yote, kilomita 100, ni wa aina nyingine. Unaitwa kwa jina la Theodore von Kármán, na shirikisho la kimataifa linalotunza rekodi za urukaji huutambua kuwa mwanzo wa anga za juu. Marekani huhesabu kilomita 80. Si kwamba namba hizo hazina msingi, kwani karibu na kilomita 100 upepo huacha kuzichanganya gesi na kila moja huanza kujipanga kwa uzito wake. Ila kuchagua mia kamili ni kazi ya binadamu anayependa namba za mviringo. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 ulipiga marufuku taifa lolote kumiliki anga hizo bila kusema zinaanzia wapi. Mwaka 1976, huko Bogotá, nchi nane zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire zilidai haki juu ya sehemu ya njia ya setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya Ikweta. Mataifa mengine yalikataa. Dai lilikuwa na udhaifu, lakini waliolikataa nao hawakuwa na mstari wa kuonyesha.

Hewa yenyewe haikusubiri mkataba. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi juu, hupunguzwa mwendo na hewa hafifu ya themosfia na hulazimika kusukumwa juu kila baada ya muda. Zaidi yake iko eksosfia, ambamo molekuli hupeana nafasi kiasi kwamba hazigongani ila kwa nadra. Mwaka 2019 ilitangazwa, kutokana na vipimo vya chombo cha angani SOHO, kwamba wingu jembamba la hidrojeni ya Dunia hufika kilomita 630,000. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,000.