Mbona Ulirudi?

Somo: Mathayo 17:1-18, Yohana 12:24

 

Nawashukuru kwa maombi yenu. Mlinituma Uholanzi kuwatembelea ndugu zetu Wakenya wanaoabudu huko, na Bwana amenirudisha salama. Tangu nitue swali ni moja tu: "Pastor, maua ya huko uliyaona? Sasa mbona ukarudi?" Wanaouliza wanacheka, lakini hilo swali lina uzito. Leo nalijibu kwa Neno.

Naam, niliyaona. Wenyeji wangu walinipeleka Keukenhof, bustani iliyo katika mji wa Lisse. Jina lake maana yake ni bustani ya jikoni, kwa kuwa zamani eneo hilo lilikuwa likilisha jikoni ya kasri. Leo ni hekta 32, karibu ekari 80, na imefunguliwa kwa watu tangu 1950. Kila mwaka wanapanda vitunguu vya maua kama milioni 7, kwa mkono. Halafu lango linafunguliwa kwa wiki 8 hivi tu, kati ya Machi na Mei, baridi inapoisha. Tulipu nyekundu, za manjano, za zambarau, mpaka jicho linachoka. Sisi wa Naivasha si wageni wa maua, lakini yetu tunayaona ndani ya ndoo na maboksi, yakingoja lori la kwenda uwanja wa ndege. Pale nilisema moyoni: Bwana, kama hii ndiyo bustani ya jikoni, sebule yako ikoje?

Sasa mtazame Petro. Yuko mlimani, amemwona Yesu uking'aa uso wake kama jua. Anasema nini? Hapa ni pazuri, tujenge vibanda vitatu. Kwa lugha yetu: hakuna kurudi! Lakini Yesu hakujenga. Alishuka. Na chini ya mlima alikuwapo baba mmoja amepiga magoti, mtoto wake anaanguka motoni na majini. Wapendwa, kama Yesu angebaki kwenye utukufu, yule mtoto angefunguliwa na nani?

Nilichukua mambo matatu pale bustanini.

Kwanza, baridi ina kazi yake. Kitunguu cha tulipu ukikinyima baridi, hakichanui vizuri. Kinazikwa wakati wa vuli, na kinahitaji wiki nyingi za baridi kali, miezi kama mitatu au zaidi. Ukipita juu yake mwezi wa Desemba utasema hapa hakuna kitu, ni udongo mtupu. Kumbe ndani kuna kazi inaendelea. Yesu alisema hivyo juu ya punje ya ngano: isipoanguka ardhini ikafa, inabaki peke yake. Mwambie jirani yako: usiseme nimezikwa, sema nimepandwa!

Pili, si maua yote yamewekwa kwa ajili ya macho. Nje ya bustani kuna mashamba ya wakulima wanaokuza vitunguu vya kuuza. Huko wanafanya jambo la ajabu. Ua likishafunguka wanalikata kichwa na kuliacha. Nikauliza, mbona mnaharibu? Nikaambiwa, ua likiachwa linakula nguvu ya kitunguu; likikatwa, nguvu inashuka chini, kitunguu kinanenepa. Kuna mtu hapa Mungu ameruhusu ua lake likatwe, cheo kikaenda, jina likaenda. Usikimbilie kusema ni adui. Angalia chini, pengine mzizi unanenepa.

Tatu, Mungu hafanyi uzuri kwa sababu ya watazamaji. Mwaka 2020, wakati wa korona, ile bustani haikufunguliwa kwa wageni hata siku moja. Vitunguu vilikuwa vimeshapandwa. Unadhani tulipu zilisema, wageni hawaji, tusichanue? Zilichanua zote! Wewe unayeamka saa kumi usiku kuombea watoto, unayefagia kanisa Jumamosi bila kutajwa kwenye matangazo, chanua. Baba anakuona.

Lakini nisipofika bondeni nitakuwa nimewahubiria kibanda cha Petro.

Niliporudi, kabla sijafungua sanduku, nilikwenda kumwona mama mmoja wa ushirika wetu. Kandarasi yake kwenye shamba la maua iliisha nikiwa safarini, na haikuongezwa. Ana watoto watatu na shule zinafunguliwa. Aliniuliza habari za safari, nikamweleza kidogo. Akanyamaza, kisha akasema: "Pastor, mimi nimekata waridi miaka tisa. Maua yangu yamefika Ulaya mara ngapi? Na mimi hata fea ya kwenda kutafuta kazi Nakuru sina."

Ndugu zangu, hilo neno halikuniacha nilale. Singemwambia habari ya baridi na kitunguu halafu niombe niondoke. Kitunguu hakijizikii, na hakijichimbui. Kuna mkono unaokipanda, unaokilinda, unaojua siku zake. Katika bustani ya Mungu, mkono huo mara nyingi ni wako wewe. Mwanzo 2:15 inasema mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Hakuwekwa apige picha.

Na tusiite kila shida baridi ya Mungu. Yakobo 5:4 inatuonyesha kwamba ujira uliozuiliwa unalia, na kilio hicho kinafika masikioni mwa Bwana. Mwenye kuajiri katika kanisa hili, hata kama ni dada wa nyumbani au mtu wa shamba, lipa mapema.

Kwa hiyo wiki hii tufanye hivi. Kila ushirika wa nyumbani uandike familia ambazo mwenye kazi amesimamishwa tangu Februari, na wazee wapate orodha ifikapo Jumatano. Jumapili ijayo tuje na unga, maharagwe, madaftari. Ukisikia kibarua mahali, usikae nacho, piga simu.

Mbona nilirudi? Kwa sababu Bwana wangu alishuka. Uzuri anaotuonyesha ni posho ya njiani, tupate nguvu ya kumfikia yule baba aliyepiga magoti chini ya mlima.

Tuombe. Baba, asante kwa macho ya kuona utukufu wako. Sasa tupe miguu ya kushuka. Mkumbuke kila aliyepoteza kazi, fungua mlango ambao mwanadamu hawezi kuufunga, na utufanye sisi kuwa mikono yako. Katika jina la Yesu, Amina.