Vijana 318 wa Abramu

Neno la Jumapili. Somo: Mwanzo 14:1–24 na 1 Wafalme 22:1–28

 

Kabla sijafungua Neno, niwaeleze kilichonifanya nihubiri jambo hili. Jumatano, baada ya maombi ya mchana, mama mmoja wa hapa kanisani alibaki kwenye benchi wengine wakiondoka. Kijana wake ni mwanajeshi, yuko Somalia. Akaniambia, "Mchungaji, kila wiki mnaniombea kijana arudi salama, na mimi nasema amina. Lakini sijui kama ni vyema yeye kuwa huko. Nikipiga magoti, niombe nini?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitamjibu Jumapili, vile mtu humwambia mwenye duka atalipa kesho. Haya, leo ni Jumapili.

Twende Mwanzo 14. Wafalme wanne wanapigana na wafalme watano. Vita hivyo vina historia ndefu: miaka kumi na miwili ya kutumikishwa, wa kumi na tatu wakaasi, wa kumi na nne damu ikamwagika. Muda huo wote Abramu yuko wapi? Yuko Mamre na mifugo yake. Mfalme wa Sodoma alipigwa, Abramu hakuinuka. Ni mpaka mtu mmoja aliyenusurika alipokuja mbio kumwambia Lutu ametekwa. Hapo ndipo akahesabu vijana 318, waliozaliwa na kufunzwa nyumbani mwake, akaondoka nao. Mwenyewe! Hakukaa hemani akituma salamu.

Akawafuata mpaka Dani, akawapiga usiku, akawafukuza hadi Hoba, kaskazini ya Dameski. Akamrudisha Lutu, na wanawake, na watu wengine. Halafu angalia kitu ambacho wengi tunakiruka: alirudi nyumbani. Mtu aliyewashinda wafalme wanne angeweza kupiga kambi kule Dameski akae miaka. Na mfalme wa Sodoma alipomwambia achukue mali, alikataa hata uzi, hata kamba ya kiatu, asije mtu akasema yeye ndiye aliyemtajirisha Abramu. Alichokubali ni chakula vijana walichokula, na fungu la wale washirika wake watatu. Basi.

Kwa hiyo ndugu anayesema Biblia inakataza taifa kuvuka mpaka kusaidia, mwonyeshe Abramu. Na Mithali 24:11 inatuamuru kuwaokoa wanaoburutwa kwenda kuuawa. Mwaka 1994 Rwanda watu waliuawa siku mia moja, mamia ya maelfu, na wanajeshi wa Umoja wa Mataifa wengi wao wakaondolewa badala ya kuongezwa. Dhambi ya kukaa kimya nayo ni dhambi.

Sisi wa mpakani tunajua hili kuliko mtu wa Nairobi. Mpaka mwaka 1902 hapa tulipo palihesabiwa Uganda. Februari 1976 Idi Amin akasema anapataka, hapa na mbali zaidi ya hapa. Wazee wenu wanakumbuka hofu ya siku zile, na watu waliokuwa wakivuka kuja kwetu wakimkimbia yeye. Mwisho wa 1978 jeshi lake likaingia Kagera, Tanzania. Nyerere akalirudisha nyuma, halafu akavuka mpaka, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Serikali nyingi za Afrika hazikufurahia, na Tanzania ililipa gharama kubwa ya uchumi. Lakini nenda hapo ng'ambo umuulize mama wa miaka sabini kama alisikitika Amin kuondoka.

Sasa twende 1 Wafalme 22. Ahabu anamwambia Yehoshafati, twende Ramoth-gileadi. Yehoshafati anajibu palepale kwamba watu wake ni kama watu wa Ahabu, na farasi wake vilevile. Ndipo, baada ya kuahidi, anakumbuka kusema tumuulize Bwana. Mmeona mpangilio? Alitoa kwanza watoto wa wenyewe, akauliza Mungu baadaye. Manabii kama mia nne wakasema nendeni. Mmoja tu, Mikaya mwana wa Imla, akaona Israeli wametawanyika milimani kama kondoo wasio na mchungaji. Akatupwa gerezani.

Wapendwa, Oktoba 2011, jeshi letu lilipoingia Somalia baada ya wageni kutekwa Lamu na Dadaab, mimi nilikuwa mmoja wa wale mia nne. Nilisimama madhabahuni nikatangaza ushindi wa siku chache. Wazee wengine hapa wanakumbuka, hata kama kwa upole hawajawahi kunikumbusha. Sikuuliza vijana watarudi lini. Kismayo ilitwaliwa mwaka uliofuata, na hilo ni jema kwa watu wa Kismayo waliokuwa chini ya Al-Shabaab. Lakini Septemba 2013 ikaja Westgate, watu 67. Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, wengi wao wanafunzi. Januari 2016 kambi yetu ya El Adde ikavamiwa, na serikali ikakawia kuwaambia wazazi ni wangapi waliokufa. Sisemi waliofanya unyama ule wana haki. Damu ile iko juu yao. Nasema mimi niliahidi watu jambo ambalo Mungu hakuniambia.

Na Haiti? Serikali ilijitolea Julai 2023. Bunge likapitisha Novemba. Januari 2024 Mahakama Kuu ikasema kuwapeleka polisi kwa njia ile ni kinyume cha Katiba. Ukasainiwa mkataba, na Juni wakasafiri. Watu wa Haiti wanateswa kweli na magenge, wanahitaji msaada. Lakini tazameni mpangilio: ahadi mbele, maswali nyuma. Ni Yehoshafati mtupu.

Tukija kwa kamba ya kiatu, hapo ndipo panauma. Februari 2022 mahakama ya kimataifa kule The Hague iliamuru majirani zetu Uganda wailipe Kongo dola milioni 325 kwa vita vya 1998 hadi 2003, na ndani yake kuna malipo ya madini yaliyoporwa. Msicheke! Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika pia kwamba makaa yaliendelea kusafirishwa Kismayo huku jeshi letu likiwa pale. Jeshi lilikana. Mungu anajua. Abramu hakuhitaji kukana, kwa sababu hakugusa.

Basi mama, jibu langu ni hili, na si kubwa. Usimwombee kijana peke yake. Waombee waliomtuma, wawe na uwezo wa kusema alienda kumwokoa nani na atarudi siku gani. Kama hawawezi kusema, omba wamrudishe, na usione haya kuomba hivyo. Kumpenda kijana wako si kuisaliti Kenya. Na wewe kijana unayekuja ofisini nikuandikie barua ya kwenda kuajiriwa jeshini, nitaandika. Ila tutaketi kwanza, na baba yako awepo.

Tulipowaita mbele wenye ndugu walio nje ya nchi na bunduki, nilitarajia watu wawili. Walikuja tisa. Wa mwisho alikuwa mzee ambaye mtoto wake alirudi nyumbani mwaka 2016 akiwa na mikono yote na miguu yote, na mpaka leo hawezi kulala taa ikizimwa. Huyo tulimwekea mikono, tukaomba mpaka ibada ya pili ikachelewa kuanza.