Yusufu, Mtu wa Bahati?

Neno "luck", yaani bahati, Waingereza waliliazima katika karne ya 15 kutoka kwa Waholanzi na jirani zao Wajerumani wa kaskazini. Yaelekea lilikuja na wacheza kamari. Lakini William Tyndale, alipoichapa Mwanzo kwa Kiingereza mwaka 1530, alimwita Yusufu mtu wa bahati, tena nyumbani kwa Potifa! Wafasiri wa mwaka 1611 waliliacha neno hilo, wakasema alifanikiwa. Ni lugha ya heshima zaidi, ila mimi nampendelea Tyndale. Yusufu aliuzwa na ndugu zake, yu mtumwa ugenini, na gereza lamngoja. Tyndale naye alikuwa mkimbizi alipoyaandika hayo. Mwaka 1536 aliuawa.