Chambo, Ndoano na Mdomo wa Mto

Mtoto wa Ngara anayekwenda kuvua katika Mto Ruvubu haanzii mtoni. Huanzia nyuma ya nyumba, kwenye migomba, pale maji ya vyombo yanapomwagwa kila jioni na udongo haukauki. Hapo hufukua nyungunyungu, akawatia kwenye kopo pamoja na udongo kidogo, ndipo ateremke bondeni. Akifika humchukua mmoja, akamchoma kwa ndoano kuanzia kichwani na kumvuta juu ya chuma kama soksi mguuni, mpaka ncha ifunikwe kabisa. Mkia huuacha ucheze. Ncha ikichungulia, mkubwa wake atamwambia arudie.

Ndani ya kitendo hicho kidogo cha kufunika ncha kuna swali la zamani sana. Anayeficha chuma ndani ya chakula, je, anadanganya? Na kama anadanganya, ana kosa mbele ya nani?

Sokoni jibu linajulikana. Mapokeo ya Kiislamu yanasimulia kwamba Mtume Muhammad alipita penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Juu kavu, chini imelowa. Muuzaji alijitetea kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi iliyolowa hakuiweka juu watu waione, kisha akaelezwa waziwazi kwamba mwenye kughushi hana nafasi katika umma ule. Sasa mchukue mfanyabiashara wa Biharamulo anayepanga maharage mazuri mdomoni mwa gunia na kuyazika chini yaliyotobolewa na wadudu. Anachofanya ni kilekile cha mtoto wa Ruvubu: kizuri juu, kibaya ndani. Mmoja tunamwita tapeli. Mwingine tunamsifu kwamba ana mkono mwepesi.

Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, aligusa jambo hili alipozungumzia mavizio ya vitani. Kwake, kumficha mtu jambo si sawa na kumwambia uongo wala kuvunja ahadi aliyopewa. Kwa hoja hiyo muuzaji wa maharage ana hatia, maana bei imetajwa, pesa imetolewa, na kati yake na mnunuzi kuna mkataba hata kama haukuandikwa. Kambare anayevuliwa na mtoto wa Ruvubu hajaahidiwa kitu na mtu yeyote. Hoja ni nzuri, ila ina tundu. Mkia unaocheza ni kauli. Unasema hapa pana chakula. Na kweli pana chakula: kambare akiponyoka huondoka na nyungunyungu wake. Chambo cha kweli kinasema kweli nusu, na kinalipa nusu.

Chambo bandia hakilipi chochote.

Kwenye Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, watalii huvua sangara kwa samaki wa kuchongwa. Kisiwa hicho kinatazamana na pwani ya Chato, ardhi iliyokuwa sehemu ya Biharamulo kabla wilaya haijagawanywa. Chambo chenyewe ni kijisamaki cha mti au plastiki chenye ndoano tumboni, na chini ya mdomo kina kibamba kilichochomoza kama ulimi. Boti ikikivuta, maji hukisukuma kile kibamba, nacho huzama chenyewe na kuyumba kushoto na kulia. Mmoja wa mabingwa wa kazi hii alikuwa Lauri Rapala, mvuvi maskini wa Finland, ambaye mwaka 1936 alichonga cha kwake kwa gome la mti wa kizibo, akakivika karatasi ya kung'aa ya chokoleti na kukipaka filamu za picha zilizoyeyushwa. Alikuwa ameona kwamba samaki mkubwa akikutana na kundi la wadogo humchagua yule anayeyumba. Kwa hiyo alichonga kilema. Hakuiga samaki tu. Aliiga udhaifu wa samaki, akauweka sokoni.

 

Wahubiri wanaipenda ndoano kwa sababu inamtupia lawama samaki. Amekufa kwa tamaa yake, husema, naye binadamu ni vivyo hivyo. Wana msingi: Waraka wa Yakobo, katika sura yake ya kwanza, unapoeleza jinsi mtu anavyovutwa na tamaa zake hutumia neno la Kigiriki la wavuvi, la kunaswa kwa chambo. Lakini yupo samaki anayeyaharibu mahubiri hayo. Ni trauti wa pwani ya Pasifiki ya Marekani na Kanada ambaye wenyeji humwita steelhead, wa jamii moja na trauti waliopandikizwa kwenye mito ya baridi ya Mlima Kenya. Huyu huzaliwa mtoni, akakulia baharini, kisha akarudi mtoni kutaga. Akiwa safarini hali sana. Mara nyingi tumbo lake hukutwa tupu. Mvuvi hupiga makasia kinyume cha maji ili boti iteremke polepole kuliko mkondo, na kamba inatangulia mbele. Mkondo unakizamisha chambo cha kibamba hadi karibu na sakafu ya mto, kinayumba, kinateremka taratibu mpaka usoni mwa samaki aliyejipumzisha nyuma ya jiwe. Samaki anakiuma. Kwa nini? Wavuvi wenyewe hubishana: wengine husema hasira, wengine kulinda mahali pake, wengine mazoea ya utotoni. Njaa haimo kwenye orodha, au imo mwishoni. Huyu hakuponzwa na tamaa. Amebughudhiwa nyumbani kwake.

Basi kama kosa si la samaki, tumrudie mwenye ndoano. Na hapa Wakristo wana ugumu wa peke yao, kwa kuwa katika karne ya nne Gregory wa Nyssa alidiriki kumweka Mungu mwenyewe kwenye kiti cha mvuvi. Alifundisha kwamba Shetani, kama samaki mlafi, alimeza mwili wa Kristo uliokuwa chambo, asijue kwamba ndani yake umefichwa Uungu uliokuwa ndoano. Aliona mwenyewe kwamba watu watauliza: je, huo si ulaghai? Akajibu kwa mfano wa mganga anayechanganya dawa kwenye chakula cha mgonjwa. Kinachopima tendo ni nia. Karne saba baadaye Anselm wa Canterbury aliyaacha maelezo ya namna hiyo na kuueleza ukombozi kwa njia nyingine, asimpe Shetani haki yoyote ya kudai. Inafaa kukumbuka pia kwamba katika Injili zote nne ndoano inatajwa mara moja tu, Petro anapotumwa ziwani akatoe sarafu ya kodi kinywani mwa samaki wa kwanza. Chambo hakitajwi kabisa.

Swali la Gregory linakuwa zito zaidi likiletwa Ngara. Christopher Mwoleka, askofu wa Rulenge, hapohapo Ngara, tangu 1969 hadi 1996, aliyekwenda kuishi katika kijiji cha ujamaa, alijulikana kwa wazo moja: kwamba Utatu Mtakatifu haukufunuliwa uwe kitendawili cha kuteguliwa kwa akili, bali maisha ya kuigwa. Sasa weka mawazo hayo mawili kwenye meza moja. Kama maisha ya Mungu ni ya kuigwa, na Mungu alitega chambo, kila mwenye nia njema ana ruhusa ya kutega? Kila tapeli ana nia njema akijieleza mwenyewe. Kwa maoni ya mwandishi huyu, Mwoleka ndiye aliye kwenye udongo imara: alichokiona cha kuigwa ni kushirikiana, na mfano wa ndoano wa Gregory, kwa uzuri wake wote, hauwezi kuigwa bila kumharibu anayeuiga.

Maumivu nayo yana sehemu yake. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake huko Scotland walichapisha utafiti juu ya trauti wa jamii ileile ya steelhead. Walikuta midomoni na usoni mwao neva zinazopokea maumivu. Samaki waliodungwa asidi mdomoni walijisugua kwenye changarawe ya tangi na wakachelewa kurudi kula. Wapo wanasayansi wanaobisha kwamba kuguswa kwa neva si sawa na kuumia. Hata hivyo utafiti huo umewagusa zaidi wale wanaovua na kumwachia samaki arudi majini, desturi inayohesabiwa kuwa ya kiungwana kwenye mito mingi ya steelhead. Ujerumani haioni hivyo. Sheria yake ya kulinda wanyama inataka pawe na sababu ya maana ya kumtia mnyama maumivu, na mchezo peke yake hautoshi. Mafundisho ya Kiislamu nayo yanakataza kumfanya kiumbe hai shabaha ya mchezo. Mzee wa Rulenge akisimuliwa kwamba mtu amelipa nauli ya ndege, akamdanganya samaki kwa kipande cha plastiki, akamtoboa mdomo, akampiga picha na kumrudisha, atauliza swali moja tu: kwani hakuwa na njaa?

Yote hayo lakini ni madogo ukiyaweka kando ya habari ya ningu.

Ningu ni samaki wa Ziwa Victoria mwenye tabia za steelhead bila bahari: hukaa ziwani, na mvua zikijaza mito hupanda kwenda kutaga kwenye maji ya mafuriko. Kagera ulikuwa mmojawapo wa mito yake mikuu. Kwa vizazi vingi watu walimngoja kwa migono na vizuizi vya matete, wakala, wakakausha, na bado alirudi. Kisha zikaja nyavu za kutega, nyepesi na nyingi, zikapangwa midomoni mwa mito katika majuma yaleyale ya kupanda. Kufikia mwaka 1965 mtafiti Cadwalladr alikuwa anaandika juu ya kuporomoka kwa uvuvi wa ningu ziwani. Hakuna aliyemdanganya ningu. Hakukuwa na chambo, mkia unaocheza wala samaki wa kuchongwa. Alikutwa pamoja na mama zake na dada zake njiani kwenda kuzaa, mlango ukafungwa.

Kurani, katika sura ya Al-A'raf, ina kisa cha mji wa kando ya bahari ambao samaki wake walijitokeza wazi siku ya Sabato, siku waliyokatazwa kuvua, na siku nyingine hawaonekani. Wafasiri wanaeleza kwamba watu wa mji ule walitega nyavu Ijumaa na kuzitoa Jumapili. Siku ya Sabato mikono yao ilikuwa safi kabisa. Ni kisa cha ajabu kwa sababu samaki hawakufanyiwa hila; aliyefanyiwa hila ni aliyeweka sheria. Anayetandaza nyavu mdomoni mwa mto wakati wa mvua kisha akasema macho ya wavu wake yana kipimo halali ni jirani wa mji ule.

Kuna andiko jingine ambalo ni vigumu kulisoma ukiwa kwenye maporomoko ya Rusumo. Nabii Habakuki anamlalamikia Mungu kwamba amewaacha wanadamu wawe kama samaki wa baharini wasio na mtawala, wanavutwa kwa ndoano na kukokotwa kwa nyavu, naye mvuvi anautolea wavu wake sadaka. Ruvubu hukutana na Kagera juu kidogo ya maporomoko hayo, na daraja limesimama kati ya Tanzania na Rwanda. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, ndani ya saa 24, takriban watu 250,000 walilivuka kuingia Ngara, na chini yao mto ulikuwa unapitisha maiti. Mwezi uliofuata zilikuwa zimefika Ziwa Victoria kwa maelfu, Waganda wakizitoa na kuzizika. Watu wa kandokando ya ziwa wakaacha kununua samaki. Hakuna sheria ya dini iliyowakataza. Koo zao zenyewe zilikataa. Njia ya Rusumo nayo ilifungwa, na waliobaki ng'ambo wakabaki.

Kwa hiyo hukumu ya mwandishi huyu ni kwamba mtoto wa Ruvubu aachwe na kopo lake. Chambo, hata cha uongo, kinamwachia samaki nafasi ya kupita. Kambare wengi hunusa na kuondoka, na hata steelhead mara nyingine husogea pembeni akakiacha kilema cha plastiki kiteremke na maji. Asiyeachiwa nafasi ni yule anayekuta njia yake imezibwa siku ya kuzaa. Huko Kajjansi, Uganda, watafiti wamefaulu kumtagisha ningu kwa mkono, ndani ya kituo, kwa kuwa mtoni hawezi tena kutegemewa. Nawe ukimkuta ningu sokoni Bukoba au Mutukula msimu wa mvua, kabla hujauliza bei muulize muuzaji amevuliwa wapi: ziwani, au mdomoni mwa mto.