NYUMBA YENYE PIGO
Somo: Walawi 14:33-48



Kabla ya somo nina deni la kulipa. Wakati wa mvua zilizopita mama mmoja aliniita usiku. Mtoto wake alikuwa anapumua kwa shida, kifua kinapiga filimbi. Niliomba, nikakemea. Asubuhi akatulia, tukashukuru. Usiku wa tatu ikarudi, ndipo nikamwuliza mama huyo kama kuna dhambi ya siri nyumbani mwake. Alilia sana. Nimekwisha kumwomba msamaha mbele ya mume wake, na leo naomba mbele yenu.

Muuguzi aliuliza swali ambalo mimi sikuliwaza: mtoto analala wapi? Alikuwa analala chini, kando ya gunia la mahindi, na panya wanapita hapo usiku kucha. Ugonjwa ni pumu.

Mkojo wa panya, wapendwa, una protini. Ukikauka hushikamana na vumbi, nalo huruka tunapofagia na kukung'uta mikeka. Si kila mtu hudhurika, lakini kwa mwenye pumu njia za hewa zaweza kuvimba na kubana. Moshi wa kuni huongeza. Pumu haiambukizi, wala si laana. Wala tusidhani ni aibu ya wakimbizi: huko Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 2000 katika nyumba za watoto wenye pumu mijini ulikuta chembe hizo za panya katika nyumba 95 kwa kila 100.

Sasa mwangalieni kuhani wa Walawi. Mwenye nyumba anakuja kusema, nyumbani kwangu naona kama pigo. Kuhani hamwulizi dhambi. Anaagiza vyombo vitolewe, anaingia, anatazama kuta. Anafunga siku 7, anarudi. Kuta zinakwanguliwa, vumbi linamwagwa nje ya mji. Ndege wa utakaso wanaletwa nyumba ikiisha kupona. (Sisemi maombi yangoje! Nasema kuhani aliingia na macho yake.)

Basi unga na maharagwe viwe ndani ya ndoo yenye mfuniko au bidoni, mtoto alale mbali na chakula. Matundu tuzibe kwa mawe na udongo. Mavi ya panya yasifagiwe makavu. Yalowesheni maji yenye javeli, ngojeni kidogo, pangusa kwa kitambaa. Sumu ya panya msiweke pale watoto wanapofika. Aliyepewa dawa ya kuvuta asiiache kwa sababu pasta amemwombea. Na mtoto akishindwa kusema au kunyonya kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, mpelekeni kituo cha afya saa ileile, hata kabla ya kuniita mimi.

Jumamosi tunaanza na nyumba ya Bwana. Nyuma ya ngoma za kwaya kuna kiota, nimekiona mwenyewe. Kila jamaa ilete bidoni moja ya maji na kitambaa kikuukuu. Wenye pumu wabaki nje, watatupikia chai.