Mpeni Mtoto Maji, Mkae Naye

Wanangu mnaolea watoto wadogo, mtoto akililia maji, mpeni maji. Siku hizi akisogelea beseni anafokewa, kisha anatulizwa kwa simu. Kwenye simu ataona samaki wa kila rangi, lakini vidole vyake havitaonja baridi ya maji wala uzito wa kikombe kilichojaa.

Hamna haja ya kununua kitu. Wekeni beseni uani, maji yawe ya vidole vitatu tu, muongeze vikombe visivyolingana, chujio, kifuu na kipande cha sponji. Sponji akiikamua kutoka bakuli hili hadi lile, anaitia nguvu mikono ambayo kesho itashika penseli na kufunga vifungo vya shati. Akimimina maji ya kikombe kipana kwenye gilasi nyembamba, muulizeni kama yameongezeka. Atawaambia yameongezeka, na msimcheke. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza akili za watoto, aliwauliza watoto swali hilohilo, akakuta kwamba walio chini ya miaka 7 hivi, wengi wao hujibu hivyo hivyo. Mwacheni amimine tena.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni wa chungwa. Litieni zima kwenye jagi kubwa la maji: linaelea. Limenyeni ganda lote, pamoja na ile nyama nyeupe, mlirudishe: linazama. Ganda lina vijitundu vya hewa, ndivyo vilivyokuwa vinalibeba. Mtoto wa miaka minne atadai mrudie mpaka machungwa yaishe.

Asiyetaka kulowa, mkandieni unga wa ngano kwa chumvi na bizari, afinyange. Ila maharage, choroko na punje za mahindi msimpe aliye chini ya miaka 3. Atazitia puani, zivimbe humo, au zimpalie.

Sasa lile linalonikosesha usingizi. Yale maji ya vidole vitatu niliyosema mumpe yanaweza kumuua, kwa sababu yanatosha kufunika pua na mdomo. Ndoo ya lita 20 ni mbaya zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja kichwa chake ni kizito. Akichungulia, anatumbukia kichwa chini miguu juu, na hana nguvu za kujiinua. Wala hapigi kelele, maana mdomo umo majini. Mama yuko jikoni anageuza chapati, anasikia kimya, anadhani mtoto ametulia.

Basi kaeni naye, mkono wenu umfikie. Simu ikiita, iacheni iite. Mgeni akipiga hodi, mbebeni mtoto mwende naye mlangoni. Msimwachie dada yake wa miaka sita, kwani huyo naye ni mtoto.

Mkimaliza, maji yamwagieni mchicha, beseni mlifudikize. Maji yaliyotuama huzaa mbu wa dengue, na Dar es Salaam iliugua dengue mwaka 2014, ikaugua tena 2019. Ndoo na mapipa ya akiba, ambayo hatuwezi kuyaacha kwa jinsi mabomba yanavyokauka, yawe na mifuniko inayobana, isiyofunguka kwa mkono mdogo. Na mafuta ya taa msiyatie kamwe kwenye chupa ya soda: mtoto mliyemzoesha kumimina ataifungua, atamimina, atakunywa.