Chupa ya Maji, Mwezi wa Ramadhani

Niliacha chuo mwaka wa pili, na kazi ya kwanza kunilipa ilikuwa kuwaandikia watalii mwongozo wa adabu za Zanzibar. Sikuwa nimewahi kufika. Nilikaa kwenye saiba moja Nakuru nikaanza kuamuru: funika mabega na magoti ukitembea mjini, vua viatu mlangoni, toa na upokee kwa mkono wa kulia, usimpige mtu picha kabla hajakubali, usile wala kunywa hadharani mchana wa Ramadhani. Sababu niliitoa moja tu, heshima. Heshima yenyewe ni nini? Sikujiuliza.

Nilipofika Mji Mkongwe ilikuwa Ramadhani, saa nane mchana, jua la kuchoma. Mimi mwenye mwongozo nikajibanza kichochoroni nikafungua chupa ya maji. Bibi mmoja akachungulia mlangoni.

"Shikamoo," nikasema haraka. (Sisi wa bara tunaikumbuka tukibanwa.)

"Marahaba, mwanangu. Ingia ndani, unywe umekaa."

Nikamwambia mimi si Muislamu.

"Najua. Ndiyo maana nakuita."

Mjukuu wake akaleta maji ya baridi, naye bibi akanimiminia mwenyewe, midomo yake imekauka.

Basi ile hoja ya kwamba tunajificha tusiwatamanishe waliofunga ikanifia palepale. Huyu hakutamani. Nadhani kwake njia ile, mwezi ule, ilikuwa kama ua la nyumba ya watu. Ukipita kwenye matanga hucheki, hata kama marehemu humjui. Simaanishi Ramadhani ni msiba, lakini unanielewa. Rafiki yangu anauita huo unafiki, ati kuigiza imani usiyo nayo. Nimekataa. Sikuigiza chochote: bibi alizijua dini yangu na kiu yangu, akazipa zote nafasi, ila si barabarani.

Kinachonisumbua ni kingine. Zanzibar watu wamewahi kukamatwa na polisi kwa kula hadharani mchana wa Ramadhani. Nikijificha kwa kumwogopa askari, nimemheshimu nani? Mgeni wa hoteli ya ufukweni ana ukuta wa kulia nyuma yake. Kibarua kutoka bara, Mkristo kama mimi, ana kichochoro tu, na si kila kichochoro kina bibi.

Niliporudi nilimwomba mteja aongeze mstari mmoja chini ya kanuni ile: ukishikwa na kiu, bisha hodi. Akasema watalii watasumbua watu majumbani. Labda ni kweli. Aliufuta.